Mita Sitini za Mchanga

Idi pili, saa moja na nusu usiku, ufukweni kusini mwa Kigamboni. Familia moja iliyotoka Mbagala imetandika mkeka chini ya mvinje. Kuna hotpoti la pilau, dumu la juisi ya ukwaju, spika ndogo, na taa ya kuchaji iliyotundikwa kwenye tawi. Watoto wawili wameshalala, wamefunikwa kanga ya mama yao.

Mzee mmoja anakuja na tochi aliyoifunga karatasi nyekundu kwenye kioo.

"Shikamoo mzee," anasema kijana mwenye spika.

"Marahaba. Mwanangu, naomba mzime hiyo taa. Na mkiweza, msogee kabisa mrudi kule barabarani. Hapo nyuma yenu pana kiota cha kasa, siku zake zimetimia."

Kweli vilikuwepo vijiti vinne vimezungushiwa kamba, na kibao cha mbao ambacho gizani hakuna aliyekiona.

"Tunamalizia kula tu, mzee."

"Hawa hawamsubiri mtu amalize kula."

Kijana akageuka kutazama upande wa kaskazini. Karibu tu na pale palikuwa na ukuta wa hoteli, na juu ya ukuta taa kubwa kama za uwanja wa mpira, mwanga wake unamwagika mchangani mpaka majini. Muziki wa Idi ulikuwa umewashwa huko tangu alasiri.

"Sasa mzee wangu, mbona tunaondoka sisi, zile taa zinabaki?"

"Zile hazinisikii, mwanangu. Nyie mnanisikia."

Wakakunja mkeka. Mama akambeba mtoto mmoja mgongoni, yule wa pili akabebwa na mjomba wake. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyebisha tena.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale. Tangu usiku ule jibu la mzee halijaniacha.

Usiku wa watu wa Dar

Moyo wangu ulikuwa upande wa familia ile, na kwa kiasi kikubwa bado uko huko.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja au viwili, chini ya bati linalohifadhi joto la mchana mpaka usiku wa manane. Mwezi wa tatu, kabla masika hayajaanza kumwaga, hewa ndani haisogei. Mchana watu wako kazini, au wako kwenye foleni ya kwenda au kurudi kazini. Sikukuu ndiyo siku pekee ambayo baba, mama, shangazi na watoto wanapatikana wote kwa wakati mmoja, na jioni ndiyo saa ambayo mtu anaweza kukaa ufukweni bila kuchomwa na jua.

Bahari ndiyo kitu kikubwa tulichonacho cha bure.

Na ni chetu kwa sheria pia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo kijana aliyelipa nauli ya kupitia Kongowe na Kibada ili aone maji hakuja kuomba fadhila pale. Alikuja kwenye kitu ambacho na yeye ni mwenyewe.

Ukimwambia mtu wa namna hiyo aondoke, sharti uwe na sababu nzito. Swali langu la kwanza lilikuwa hilo: je, mzee alikuwa nayo?

Alichonionyesha

Alikuwa nayo. Nilibaki pale, naye hakunifukuza, labda kwa sababu nilikuwa peke yangu na simu nimeizima.

Mchanga juu ya kiota ulikuwa umebonyea kidogo katikati, upana wa sahani. Mzee alisema hiyo ndiyo dalili: chini huko wameshavunja maganda, wanapandiana kwenda juu, na mchanga unashuka kuziba nafasi waliyoiacha. Kasa uziwa hutaga mayai zaidi ya mia moja kwa mara moja, huyafukia na kurudi baharini, wala hayaangalii tena. Yanakaa karibu miezi miwili. Halafu vitoto vyote vinatoka pamoja, karibu kila mara usiku, mchanga ukishapoa.

Saa tatu ikapita. Kisha pale katikati pakaanza kutikisika, kikatokeza kichwa kimoja cheusi, kikatulia. Pembeni yake kingine. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Walikuwa weusi, ukingo wa gamba na wa makasia yao una mstari mweupe, urefu wao hauzidi kidole changu cha kati.

Kitoto cha kasa hakina mtu wa kukionyesha njia. Kinachofuata ni mwanga wa chini kabisa upande ulio mweupe zaidi, na kwa maelfu ya miaka upande huo umekuwa baharini, kwa sababu nchi kavu ina miti na giza. Mzee alikuwa amechimba mfereji wa kina kifupi kutoka kiotani kuelekea majini, na upande wa hoteli alikuwa amesimamisha kipande cha turubai juu ya miti miwili. Wengi walifuata mfereji.

Siyo wote. Waliotokea pembeni ya turubai waliona zile taa, wakageuka. Nilimfuata mmoja kwa macho. Alitambaa kwa juhudi ileile waliyokuwa nayo wenzake, hakusitasita hata kidogo, akiuacha mgongoni mwake mlio wa mawimbi. Alipofika chini ya ukuta akaanza kuufuata kwa upande, akaingia kwenye mtaro wa maji machafu unaotokea uani. Mzee alilala kifudifudi akaingiza mkono mpaka begani ili amtoe.

"Usiku wa leo tuko wawili," alisema. "Nikiwa peke yangu, siwafikii wote."

Kwa hiyo taa iliyotundikwa kwenye mvinje, hatua tatu kutoka kiotani, ingewavuta. Watu wanaotembea gizani wangewakanyaga. Sababu ilikuwepo, na ilikuwa nzito. Kilichonisumbua ni kwamba sababu hiyohiyo ilikuwa nzito mara kumi kwa upande wa pili wa ukuta, na huko hakuna aliyeondoka.

"Kasa wenu wamepona"

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, alinitumia habari ya Oktoba 2025. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba kasa uziwa hayumo tena kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Idadi yao imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Chini yake akaandika: "Kasa wenu wamepona. Turudishieni ufukwe wetu."

Alimaanisha. Na nilikaa na ujumbe ule kwa siku kadhaa, kwa sababu ni hoja halali. Kama watu wanazuiwa kwa sababu ya hatari, hatari ikipungua kizuizi nacho kipungue. Bila hivyo kila katazo litakuwa la milele, na watu wataacha kuwaamini wahifadhi hata pale wanaposema kweli.

Lakini idadi ile ni ya dunia nzima, na kasa haishi dunia nzima. Jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa. Kasa wakijaa Brazil au Florida, hawatakuja kuziba pengo la Kigamboni. Na aliyetoka kiotani usiku ule wa Idi, akijaliwa kuishi, hatakuwa tayari kutaga mpaka ipite miaka 25 au zaidi. Yaani tunachokiona leo ufukweni ni matokeo ya walichofanya au walichoacha kufanya wazazi wetu, na tutakachokiharibu leo hatutakiona kimeharibika mpaka tuwe wazee.

Tena ng'amba, yule mwenye gamba zuri lililokuwa likiuzwa kutengeneza vitana na bangili, yeye bado yuko hatarini kabisa, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Naye hutaga kwenye pwani yetu.

Halafu kuna jambo ambalo rafiki yangu alilipita haraka mno. Waliongezeka kwa nini? Kwa sababu kwa miaka mingi, nchi nyingi, watu waliacha mayai yakae, waliacha kuwachinja majike wanapopanda kutaga, walibadilisha nyavu, walizima taa. Walikubali kuukosa ufukwe kwa saa fulani na msimu fulani. Ile asilimia 28 ndiyo mafanikio ya vizuizi ambavyo yeye anataka viondolewe.

Nilimwandikia hivyo. Akajibu: "Sawa, ila hapa kwetu anayezuiliwa ni nani?"

Tukawa tumerudi palepale.

Saa kumi, maji ya bamvua

Kilichonigeuza ni kutembea. Wiki mbili baadaye, mwezi ukiwa mkubwa, nilirudi mchana nikiwa na nia ya kufuata ufukwe kwa miguu kuelekea kusini.

Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiwa mchanga au mpevu, hujaa mnamo saa kumi. Nilianza saa nane, mchanga ukiwa bado mpana. Ilipokaribia saa kumi nilikuwa natembea na viatu mkononi, maji yakinipiga magotini, bega langu la kulia likigusa zege. Ukuta baada ya ukuta. Nyumba za watu, hoteli, viwanja ambavyo bado havijajengwa kitu ila vimezungushiwa ukuta tayari. Hapakuwa na ufukwe. Ulikuwepo saa mbili kabla na ungerudi saa mbili baadaye, lakini kwa saa ile umma haukuwa na pa kuweka mguu.

Mbele ya ukuta mmoja niliona, juu kidogo ya maji, alama ambayo mzee alikuwa amenichorea mchangani: mkokoto mpana wa jike mkubwa, makasia yamechimba pande zote mbili. Ulipanda kutoka baharini moja kwa moja mpaka kwenye zege, ukakata kona, ukaufuata ukuta mwendo mrefu kidogo, ukarudi majini. Hakuwa ametaga. Jike akikosa mchanga mkavu wa kutosha hurudi baharini, akajaribu usiku mwingine mahali pengine, au akachoka akayaachia mayai ndani ya maji.

Baada ya kuta zile nikafika kwenye kipande kilicho wazi. Mchanga mpana, mivinje, mbuzi wawili wa mtu. Ilinichukua muda kukitambua kwa mchana. Ni palepale palipokuwa na kiota, ambapo familia ya Mbagala ilitandika mkeka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walikutana.

Siku ya Idi maji yalijaa saa kumi, mwezi ukiwa mchanga, bamvua kamili. Watu wote waliokuwa wametawanyika ufukweni walisukumwa na bahari mpaka kwenye kipande pekee kisicho na ukuta. Na yule jike, miezi miwili kabla yake, alisukumwa na kuta zilezile mpaka kwenye kipande kilekile. Tuliona mgogoro kati ya watu na kasa. Walikuwa wapangaji wawili waliobanwa kwenye chumba kimoja, nyumba nyingine yote ikiwa imefungwa na mtu mwingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita sitini. Zingekuwepo, mzee angezungushia kamba kipande chake, familia ingekula pilau yake mbali kabisa, na wasingejuana. Kwenye matembezi yale niliona X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwenye vibanda vya mbao vya kuuzia mihogo na samaki wa kukaanga. Kwenye zege sikuiona.

Hapa nagombana na watu wangu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na kusema adui ni ukuta. Lakini nimezungumza na mzee mara nyingi tangu wakati ule, na siwezi kumdanganya.

Kuta zingebomolewa zote kesho, bado kuna watu wanaofukua mayai. Bado kuna wanaomgeuza jike chali usiku na kumchinja, ingawa kanuni za uvuvi zinakataza, na ingawa sote tulisikia ya kisiwa cha Panza, Pemba, Machi 2024, watoto wanane na mwanamke mmoja walipokufa baada ya kula nyama ya kasa. Jarife, ule wavu wa kuvulia samaki wakubwa, linaua kasa wengi kuliko taa ya hoteli yoyote, na wenye jarife si matajiri. Kuna vijana wanaokodi pikipiki za magurudumu manne na kuzikimbiza juu ya mchanga mkavu, ambapo viota vipo, na mfereji wa gurudumu ni korongo kwa kiumbe mwenye urefu wa kidole.

Na usiku ni usiku. Kasa anahitaji giza, na sisi tunapenda usiku wa ufukweni. Mita 60 hazilimalizi hilo. Kuna miezi na kuna vipande ambavyo wananchi, wenye haki zao zote, inabidi waviache kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Nasema hivyo nikijua maana yake kwa mtu ambaye magharibi ndiyo saa yake ya kwanza ya kupumua.

Ninachokataa ni mpangilio wa nani anaanza kuacha. Leo tumeanza na anayeondoka kwa kuambiwa "mwanangu". Wavuvi wa ngalawa wameshaanza: mzee aliniambia wapo wanaoshusha samaki kwa mwanga wa tochi nyekundu, kwa sababu aliwaeleza kwamba kasa hasumbuki nao sana kama mweupe. Wamebadilisha kitu cha kazi yao, bila amri ya mtu. Taa ya hoteli inaweza kuinamishwa chini, ikafunikwa juu, ikabadilishwa rangi ikawa ya chungwa. Hakuna mgeni atakayejikwaa. Ni kazi ya fundi umeme ya siku moja.

Wanaoruhusiwa kuona

Kuna jambo moja ambalo bado sijalipatia msimamo kamili.

Kwenye kisiwa cha Juani, Mafia, wageni wanalipa kutazama vitoto vya kasa vikitoka, na sehemu ya fedha inabaki kijijini. Shirika la Sea Sense, lenye makao yake hapa Dar, limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi na watu wa vijiji vya pwani, na linawalipa wanaoripoti na kulinda viota. Bila fedha ya namna hiyo mzee wangu angekuwa kwenye jarife na wenzake. Nauheshimu mfumo huo.

Lakini nikiwaza siku ambapo viota vyetu vya Kigamboni vitauzwa vivyo hivyo, naiona familia ya Mbagala ikiondolewa saa moja na nusu, na saa tatu basi dogo linashusha wageni wenye tiketi palepale. Kwa kasa hakuna tofauti kati ya makundi hayo mawili, mradi taa zimezimwa na watu wamekaa nyuma ya kamba. Tofauti iko kwetu.

Nilimwuliza mzee kwa nini hakuiacha familia ile ikae nami, taa imezimwa, waone. Akafikiri. Akasema aliogopa watoto wangelia, na spika, na kwamba hakuwa na mtu wa kumsaidia kuwaangalia. Kisha akasema, "Wangeona siku moja tu, mwaka unaofuata wangekuwa walinzi wangu."

Naamini yuko sahihi. Nafasi za kutazama zigawanywe, wenye fedha walipe za kwao, na nyingine ziwe za shule za msingi za Kibada, za Mbagala, za familia zinazofika hapo kwa daladala. Sijui kama hesabu ya fedha itakubali. Ila nikiambiwa haikubali, nitataka kuiona hesabu yenyewe.

Barua

Nimelipeleka jambo hili kwenye mkutano wa mtaa. Watu walizungumza kuliko nilivyotarajia, hasa akina mama wanaouza mihogo, ambao wanajua kila ukuta na mwaka uliojengwa. Tulitoka na madai matatu: kila baada ya viwanja kadhaa iachwe njia ya umma ya kushukia baharini, taa zote zinazoangaza mchangani zifunikwe au zizimwe kuanzia magharibi, na walinzi wa viota wapewe kitambulisho cha serikali kinachomlazimu meneja wa hoteli kutoka getini na kuwasikiliza. Kuhusu kufunga vipande vilivyo na viota usiku, mkutano ulikubali, kwa sharti moja: ufungwe kwa kila mtu, akiwemo mwenye hati ya kiwanja kinachotazamana na kiota.

Mtendaji ametutaka tulete maandishi na vipimo. Vipimo ndivyo vinavyotukwamisha. Tuna utepe mmoja na watu wachache, na pwani ni ndefu.

Bamvua ijayo tunaanzia Mjimwema kwenda kusini. Kama unaishi popote mpaka Kimbiji, toka saa kumi jioni maji yakiwa yamejaa, pima kutoka kwenye maji mpaka kwenye ukuta, piga picha ambayo utepe unasomeka, uniandikie hapo chini ni karibu na wapi. Hata kama jibu ni sifuri. Zaidi sana kama ni sifuri.